Historia ya Dada Yetu, Aliyekataa Kuifuta Dhoruba ya Jua

Wafiwa wenzangu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja, familia imeniteua mimi, kitinda mimba wa nyumba yetu, niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, na nimeonywa nisifanye utani, nami nitajitahidi, ingawa mnamjua tuliyekuja kumzika.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mtaani kwetu mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969 akiongoza kwa hesabu, na mwaka 1972 akapata stashahada ya fizikia, huku baba akiwaambia wateja wake kwamba binti anasomea redio.

Tarehe 3 Julai 1973 aliajiriwa katika kituo cha kupima usumaku wa dunia, kwenye kibanda cha mbao kilichopigiliwa misumari ya shaba, ambamo haingii mtu mwenye chuma, kwa kuwa hata funguo za mfukoni huvuruga vipimo, na wiki ya kwanza tu akaingia na pini tatu kichwani, akaharibu kazi ya asubuhi nzima, akaenda mwenyewe kukiri kwa mkuu wa kituo, na tangu hapo akawa mkali mlangoni kupita askari, hata wenzake wakambandika jina la Mama Toa-Funguo.

Alifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1976 na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu huyu hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, na alikuwa na mimba ya wa pili pale yalipomkuta haya ninayotaka myasikie vizuri.

Tarehe 11 Agosti 1978, saa nne na dakika saba asubuhi, mstari ambao kipimo huuchora kwenye karatasi uliruka juu ghafla, ukakaa hapo saa tatu, kisha ukaporomoka hadi jioni, ukachukua siku tatu kurudi mahali pake, na mkuu, akizikumbuka zile pini, akasema dada ameingia na chuma tena, akamwagiza aufute mstari na kusaini kwamba kosa ni lake, la sivyo kazi hana. Dada alikataa katakata, akaeleza kwamba dhoruba ya jua, yaani upepo mkali wa chembe zinazorushwa na jua, imetupiga, kwamba usumaku wa dunia ni ngao yetu, ngao ikisukumwa mstari hupanda, kisha mkondo wa umeme unaoizunguka dunia huko juu hupata nguvu na kuushusha, na hali hurudi polepole kwa siku kadhaa, naye hajapata kuona funguo zinazochukua siku tatu kutoka chumbani.

Alisimamishwa hata hivyo, akakaa nyumbani siku ishirini na mbili akishona nguo za mtoto kwa cherehani ya baba, na aliniambia kwamba kila asubuhi alilia, lakini hakusaini. Ndipo taarifa za kila mwezi zikafika kutoka vituo vinne vya mbali, vyote vimeona mruko ule ule katika dakika ile ile, na mkuu akawakusanya wafanyakazi uani, akazisoma kwa sauti, akamwomba radhi mbele ya kila mtu hadi mpika chai, na dada akarudi kibandani siku hiyo hiyo, ila kwanza alimwamuru mkuu atoe funguo.

Aliongoza kituo hicho toka 1990 hadi alipostaafu mwaka 2011, akafundisha wapimaji thelathini na mmoja, na mafundi wa gridi ya umeme walikuwa wakisubiri simu yake kila jua lilipochafuka, maana dhoruba kama ile huweza kuunguza mitambo yao.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2022, akalazwa mara tatu, na akafariki tarehe 14 Juni 2023, saa tisa alasiri, akiwa ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliovumilia kufundishwa kazi yao na mgonjwa, majirani waliopika na kufua, wafanyakazi wenzake wote, na kwa namna ya pekee mzee wetu aliyekuwa mkuu wake, mwenye miaka tisini na mmoja, ambaye leo ameomba kulishika jeneza kwa mkono wake. Dada, hukusaini uongo, na aliyekutaka usaini ndiye anayekusindikiza, pumzika kwa amani, umeshinda.