Chupa Aliyoiomba Mwalimu Hulda

Wachungaji, wazee wa usharika, ndugu waombolezaji, kamwene. Familia ya mzee Ebeneza Mhema imemtuma mdogo wa marehemu, Elius, awasomee maisha ya dada yake, na kwa kuwa shule ya Elius iliishia darasa la saba, maneno ya kupamba mtayasikia kwa wengine, hapa mtasikia yaliyotokea.

Mwalimu Hulda Ebeneza Mhema alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Yakobi, mtoto wa kwanza wa mzee Ebeneza na mama Juliana, akabatizwa siku ya Pentekoste, tarehe 2 Juni mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, nafasi ya sekondari hakuipata, akabaki akilima na kulea wadogo zake, ambao aliwatengenezea magari ya makopo na wanasesere wa mabunzi ya mahindi, na aliyelilia cha dukani alipewa kofi kwanza, ndipo akapewa gari.

Mwaka 1987 alihamia Makambako, akafua mashuka katika nyumba ya wageni karibu na stesheni, na tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa na bwana Shedrack Kilasi, mpakia mbao, wakajaliwa watoto wawili, Timoth na Anneth, mnaowaona hapa mbele. Bwana Shedrack aliitwa na Bwana tarehe 19 Agosti 2011.

Januari 1995 alikabidhiwa watoto wa chekechea ya usharika wa Makambako, na huko ndiko mlikomjua wengi wenu. Kila Desemba aliwakusanya wadogo wa miaka minne hadi sita kutengeneza mapambo ya Noeli kwa vitu ambavyo nyumbani vilikuwa vinatupwa: nyota za maboksi ya maziwa, malaika wa mifuko ya unga, kengele za chupa za maji zilizokatwa kitako, vyote vikibandikwa kwa gundi ya uji wa ngano ambayo nusu yake watoto waliilamba. Mapambo yenyewe yalikuwa yamepinda, malaika wengine walikuwa na bawa moja, na mzee mmoja alipouliza kama kanisa limekuwa jalala, Hulda alimjibu, "Wewe leta ya kununua, tuone mtoto gani ataimba mbele yake."

Sasa tunafika pale ambapo baadhi ya wazee wa ukoo walishauri turuke. Hatutaruka, kwa sababu marehemu alisema kwa kinywa chake, "Someni yote, msinipake rangi," na mama wa mtoto mtakayemsikia, ambaye ameketi nasi hapa, ameruhusu.

Ijumaa tarehe 9 Desemba 2016, Hulda aliwaambia watoto wakienda nyumbani, "Jumatatu kila mtu aje na chupa, iwe tupu." Kesho yake mtoto Lightness, wa miaka mitano, binti wa Matilda, alikutwa uani na chupa ya maji mkononi, gauni limelowa, na ndani ya chupa ile hamkuwa na maji, ilikuwa dawa ya kupulizia viazi iliyobaki shambani, ikahifadhiwa humo kama wengi wetu tunavyohifadhi mpaka leo. Sumu ilikuwa imemwingia mwilini, akafariki Jumapili ya tatu ya Majilio, alfajiri.

Waliochunguza walisema ni ajali, mtoto alikuwa anacheza. Wengine, na wamo humu wakila wali wa msiba wetu, walisema Mwalimu kamtoa mtoto kafara, wakawaondoa watoto wao. Maneno hayo Hulda hakuyajali. Kilichomtesa kilikuwa kitu kimoja tu, kujua kama mtoto alikuwa anacheza kweli au alikuwa anaimwaga ile dawa ili chupa iwe tupu kama alivyoagizwa. Aliyejua ni Matilda peke yake, na Matilda kila alipomwona sokoni alikata kona.

Noeli hiyo na iliyofuata hapakuwa na mapambo. Mwaka 2018 watoto walimfuata wenyewe mlangoni na maboksi yao, akawapokea, lakini tangu hapo hakumwagiza mtoto alete chochote, alizunguka mwenyewe na gunia nyumba kwa nyumba, na chupa hakuzigusa tena. "Mwalimu, siku hizi unanunua skrepa?" walimtania vijana wa stendi, naye akapita. Sauti ya kitu kinachomwagwa hakuiweza. Jirani akimwaga maji ya vyombo, yeye alisimama na gundi mkononi, akauliza, "Nani anamwaga?" na watoto wakajibu, "Ni mama Sila, Mwalimu," wakaendelea kukata karatasi. Siku nyingine waliangalia nje wakakuta hakuna mtu, hakuna hata mvua, wakamwambia, "Hakuna anayemwaga, Mwalimu." Baadaye walizoea, wakawa wanamjibu hata kabla hajauliza.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2025 alianza kuumwa ubavu na kukosa hamu ya kula, vipimo vikaonyesha saratani ya ini, na tarehe 28 Oktoba alilazwa hospitalini hapa Njombe. Jumamosi tarehe 8 Novemba, Matilda alikuja wodini bila kuitwa na mtu, amebeba chupa ya uji, akasimama miguuni pa kitanda. Anneth alikuwepo, na tunayoyasoma ni aliyoyasikia.

Hulda alimwambia, "Matilda, usinionee huruma. Mtoto alisema nini?"

"Dada, kwa nini urudi huko?"

"Sijawahi kutoka."

Matilda akaiweka chupa ya uji sakafuni, akasema, "Alikuwa anaikung'uta. Akaniambia, 'Mama, mwalimu kasema iwe tupu, hii bado ina kitu.' Mimi nikacheka, dada. Nilidhani ni maji, nikamwona alivyojilowesha, nikacheka, nikamwacha amalizie. Ningesema kwamba alikuwa anafuata neno lako, ningelazimika kusema na kicheko changu. Ndiyo maana nilikuwa nakukimbia."

Hulda akamwambia, "Kaa basi, umesimama tangu umeingia."

Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha, na mtu asituongezee. Wala hatutawadanganya kwamba tangu hapo alitulia, kwa maana hata siku ya mwisho muuguzi alipomwaga maji kwenye ndoo, dada yetu alifumbua macho. Ila hakuuliza tena ni nani. Alifariki Alhamisi tarehe 13 Novemba 2025, saa kumi jioni, mikononi mwa Anneth, na Matilda akiwepo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumkaripia, majirani wa Makambako walioleta kuni na maji, walimu wenzake, wanakwaya, na wewe Matilda, uliyesema kweli ambayo sisi ndugu zake tungemficha ili afe vizuri. Lakini shukrani zisiwafanye mjisahau. Ukitoka hapa makaburini, kabla hujavua viatu, nenda stoo, angalia chini ya kitanda, angalia nyuma ya mlango, dawa iliyomo kwenye chupa ya maji au ya soda itoe, ifungie mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, na usiseme utafanya kesho, maana Matilda naye alidhani kesho ipo. Atakayekasirika kwa kuambiwa hivi msibani, Elius anakaa nyumba ya tatu toka kanisani, aje.

Dada Hulda, umefanya kazi, umechoka, umejua ulichotaka kujua. Lala sasa katika amani ya Bwana.