Sauti ya Zimwi

Fundi cherehani alitazama nje ya dirisha la basi, lakini masikio yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Vijana wawili waliokaa hapo, mchoraji na mwenzake wa kompyuta, walikuwa wameanzisha kampuni ya michezo ya video sebuleni kwa shangazi wa mchoraji. Mchezo wa kwanza, wa sisimizi wanaoiba sukari, waliucheza wenyewe tu.

"Huu wa pili watu wanaupenda kwa sababu ya zimwi," alisema wa kompyuta. "Likipiga kelele, 'Futa miguu, nimedeki!' mtu anakimbia mwenyewe."

"Zimwi gani? Huyo ni shangazi! Umemrekodi kwa siri. Akiisikia sauti yake, kampuni itahamia bandani kwa kuku. Itoe hiyo sauti!"

"Nikiitoa, tutabaki na zimwi bubu."

"Basi kamwambie mwenyewe, leo."

"Mimi tena? Shangazi ni wa kwako, ndugu yangu."

Fundi, naye shangazi wa watu, aliona wote wawili wanastahili ufagio.

Basi likasimama. Mlango ulipofunguka, mama mmoja alikuwa kituoni, mkono kiunoni, simu mkononi.

"Shangazi," mchoraji alinong'ona.

 Mama aliinua simu yenye mchezo wao, nayo ikanguruma: "Futa miguu, nimedeki!"

Wote wawili wakafuta miguu kwenye ngazi ya basi. Fundi naye akafuta.