Hema la Angèle na Mabeseni Saba

Benchi langu ni ubao wa mtumbwi uliooza upande mmoja, nimeuweka juu ya matofali hapa Kashikishi, ufukwe wa Zambia wa ziwa, ukitazama mchanga ambapo wanawake huanika chisense, wale samaki wadogo kuliko kidole. Mimi ni Chouchou. Nauza kahawa ya tangawizi tangu jua linapochomoza, na nasikia upuuzi tangu muda huohuo. Wateja wa kudumu ni wawili. Papa Apollinaire tunamwita Rapore, kwa sababu huko kwetu Pweto, ng'ambo ya ziwa na mpaka, aliandika ripoti za mradi fulani kwa miezi mitatu, na mpaka leo miezi hiyo haijamwisha mdomoni. Chanda, Mzambia, fundi wa injini za mitumbwi, tunamwita Plagi, kwani injini ikikohoa, ikizama au ikiibiwa, yeye atasema ni plagi. Kikombe kimoja kinawatosha saa mbili nzima, halafu wanalalamika kwamba kahawa imepoa.

Asubuhi hiyo tulikuwa na mtu wa tatu, Angèle, ambaye si mtu wa kukaa. Aliketi ukingoni mwa benchi, macho yote kwenye mabeseni saba ya chisense mbichi aliyoyafunika kwa kitenge kilicholoweshwa. Usiku wa giza, usio na mwezi, ulikuwa umeleta samaki kweli kweli, mabeseni kumi kwa mkupuo, na baada ya wiki tatu ziwa linafungwa, marufuku kuvua, mpaka mwezi wa tatu. Anachoanika sasa ndicho yeye na watoto wake wanne watakachokula na kuuza mpaka hapo. Matatu alikwisha kuyaanika. Saba hayakuwa na mahali, na jua la saa tatu lilikuwa limeshaanza kuyapika.

Kosa ni la hema. Miaka miwili iliyopita mradi mmoja wa watu wa mbali ulimletea Angèle hema la plastiki nyeupe lenye vichanja ndani, ili samaki wakauke bila mchanga wala nzi. Likasimamishwa katikati ya mahali pake pa kuanikia, likapameza pote. Ndani linachukua mabeseni matatu. Juu ya mchanga uleule, kabla ya hema, alikuwa akianika kumi na mawili. Bwana wa mradi alimpa mkono mbele ya kamera, akamwambia hema ni lake maisha yake yote, ila asilisogeze hata hatua moja mpaka watu wa kupima matokeo wamalize kazi yao. Watu wa kupima walisema watakuja mwezi wa tano. Halafu wakasema wa nane. Sasa tuko mwezi wa kumi na moja, na simu ilimwambia awe karibu na hema saa mbili kamili.

Hapa kwetu kuna desturi. Mtu wa maswali akitangazwa kuja, anayeulizwa hupita kwanza benchini kupanga jibu. Rapore alikuwa tayari na la kwake.

— Mama Angèle, sema paka neno moja tu, iko muzuri. Proje ikisikia mubaya, inaenda kwa benye kujua kushukuru.

— Nilisha kusema muzuri, ile mwaka ingine. Unaona vile ilinisaidia.

Alisema kweli. Mara ya kwanza alikuja kijana mpole aliyesafiri usiku kucha kutoka Lusaka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Angèle alimpa kiti, akampa maji, na alipoulizwa kama hema linamfaa akajibu linafaa sana. Angejibu nini? Kwetu mgeni haambiwi ubaya wa kitu alichokileta akiwa bado ameshika kikombe chako. Kijana akaandika. Mwaka uliofuata sura ya Angèle ilikuwa kwenye kalenda, anacheka na samaki mkononi, na majirani zake wanne wa mchangani wakaletewa mahema pia. Sasa hakuna wa kumwazima mwenzake mahali, na wale wanne hawajamsamehe.

Plagi akauliza ubaya wa hema ni upi hasa, kwani yeye aliliona likifanya kazi siku ya mvua. Angèle hakukataa. Siku za mvua ni zuri, alisema, na kwa hizo angeshukuru bila kusukumwa. Ila mvua bado. Tena kuna jambo la meda, lile kopo la plastiki ambalo soko zima linapimia. Samaki wa mchangani hukauka wamejikunja, wachache tu wakajaza kopo. Wa hemani hukauka wamenyooka na wagumu, wanavunjika, wanashuka chini, na kopo linaomba wengine. Watu wa mradi waliweka meda ya samaki wa mchangani na meda ya wa hemani kwenye mizani yao, wakaona kilo zimepanda, wakapiga makofi.

— Kilo njo yao, Angèle akasema. Miye nauzisha meda, na bei ya meda iko ile ile. Donc natoa samaki mingi kwa bei ile moja, na beye banaandika nimeendelea.

Plagi alicheka mpaka akamwaga kahawa yangu, na nyongeza sikumpa. Lakini Rapore hawezi kuachia mwanamke neno lenye maana likapita bila kulifunika na lake.

— Mizani ni ya kuonyesha bantu. Kazi yenyewe banapima na liste. Majina na signature. Ku Pweto nilitia signature mara tatu ku semina moja, na majina tatu. Mwisho banaandika Pweto inaamuka.

— Na iliamuka? nikamuuliza.

— Shiye tulikimbia, Mama Chouchou. Unajua muzuri.

Nilijua. Tulikimbia vita kwa mtumbwi mmoja, mwaka 2017, na tulipopelekwa kambini Kenani kitu cha kwanza walichofanya ni kuwazungushia watoto utepe mkononi kupima nani amekonda. Utepe ule siucheki. Ulikuwa na rangi tatu, na mtoto akiangukia nyekundu alipewa chakula siku hiyohiyo. Mwanangu aliangukia nyekundu. Kwa hiyo mtu asiniambie nachukia kupimwa. Ninachochukia ni kupimwa kisha kuachwa palepale nilipopimiwa.

Plagi akaona zamu yake imefika. Akakunja mikono, akatazama juu.

— Awe, hapana, ba Rapore. Setilaiti njo inapima. Iko kule inaangalia. Ikiona plastiki nyeupe, inahesabu moja. Ikiona muchanga, inahesabu zero.

— Na samaki?

— Samaki haionekane kule juu. Ni midogo sana.

Rapore akamtazama kwa huruma ya mwalimu. Akasema mambo ya setilaiti ni ya watoto, kwamba wazungu wana ujanja mkubwa zaidi. Wakitaka kujua kama msaada unafaa, wanachagua kijiji kimoja wanakipa, na kingine wanakinyima makusudi, kisha wanalinganisha. Sisi tulichaguliwa kupata. Mununga, alisema akishusha sauti kana kwamba Mununga ingesikia, ilichaguliwa kukosa.

— Mujomba yangu eko Mununga, Plagi akasema. Huu mwaka ametia mabati ku nyumba.

— Voilà. Basi bataandika kukosa kunasaidia.

— Halafu batatunyima na shiye, ili tuendelee.

Wakacheka wote wawili, wakapigana mabega, na mimi hasira zilinipanda. Rapore nilimjua vizuri. Alikuwa amevaa shati lake la mikutano tangu alfajiri, akitumaini mtu wa kupima atahitaji wa kumwongoza njia na kumtafsiria, na kwa hilo angependa mahema yasimame mpaka Yesu arudi. Plagi naye hana samaki. Angèle alinyanyuka, akaenda kufunua kitenge, akainama, akanusa. Aliporudi harufu ilikuwa imemfuata.

— Bon, bamwage muchanga ku njia ya malori, uanike kule, Rapore akashauri.

— Weye utakula samaki ya lori, Papa Apollinaire?

Rapore akanyoosha kikombe chake. Akaomba kahawa.

Saa nne na nusu pikipiki ikasimama, akashuka msichana mmoja, Febby, mtoto wa wilaya hii hii, na kompyuta ndogo ya kushika mkononi kifuani pake. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alipiga goti kidogo, akasalimia kwa Kibemba, akaomba radhi kwa kuchelewa. Tairi ilikuwa imepasuka. Nikampa kahawa. Rapore akajitambulisha kwa jina lote, la ubatizo na la ukoo, akasogea karibu ili aone kioo.

Maswali yalikuwa arobaini na moja. Nyumba ina sufuria ngapi. Paa ni la nini. Wiki iliyopita walikula nyama mara ngapi. Je, mama anajiona ana sauti zaidi kuliko zamani. Kila swali Febby alilisoma kwa Kiingereza moyoni, akalipitisha kwenye Kibemba, akalitoa kwa Kiswahili chake cha sokoni, na Rapore akalijibu kabla ya Angèle. Angèle alijibu kwa neno moja moja, huku shingo imegeukia mabeseni. Kwenye swali la ishirini na kitu akamkatiza.

— Mutoto yangu, hapo iko fasi ya kuandika ile mabeseni saba?

Febby alitafuta kweli. Alipandisha kwa kidole, akashusha, akarudi nyuma.

— Hakuna, bamayo. Iko paka majibu tatu tu: sana, kidogo, na sijui.

— Haya. Endelea.

Inzi walikuwa wamegundua kitenge. Wale majirani wanne walikuwa wamesimama mbele ya mahema yao, mikono kiunoni, wakingoja kusikia safari hii Angèle amewaletea balaa gani. Tukafika swali la mwisho. Febby akalisoma mara mbili, kwa sababu lilikuwa jepesi kuliko yote na hakutaka kulikosea.

— Kama hii hema haingekuwa hapa, maisha yenu ingekuwa namna gani?

Rapore alinyoosha kola ya shati lake la mikutano. Plagi aliingiza mkono mfukoni kama kawaida yake, lakini hapakuwa na plagi ya kututoa hapo. Asubuhi nzima walikuwa wamefika mpaka angani na mpaka Ulaya, wakajua siri za setilaiti na za vijiji vilivyonyimwa, na swali la kitu kilichosimama hatua thelathini mbele ya pua zao hawakuwa na neno la kulijibu. Nami sikuwa nalo. Angejua nani? Miaka miwili hakuna aliyeuona mchanga ule bila hema.

Angèle akasimama.

— Sijui, mutoto yangu. Ngoja nione.

Akachukua kisu changu cha kumenyea tangawizi, akashuka mchangani. Alikata kamba ya kwanza, akakata ya pili, plastiki ikalegea upande mmoja. Rapore akaita kwamba hilo ni jambo la hatari, kwamba kuna mkataba, kwamba angalau asubiri ruhusa ya Lusaka. Angèle alikuwa anatoa samaki wa ndani kwa uangalifu, kichanja kwa kichanja, na hakugeuka. Plagi, nisimnyime haki yake, alinyanyuka akaenda kung'oa nguzo. Walipomaliza walikunja plastiki vizuri na kuiweka kando kwa ajili ya mvua, na kilichobaki kimesimama ni ubao wa mradi tu, wenye picha ya Angèle anacheka.

Kisha mabeseni yakamwagwa. Beseni moja lilikuwa limeharibika kabisa, akawatupia ndege. Sita aliyatandaza kwa mikono miwili, haraka, mpaka mchanga ukawa wa rangi ya fedha na bado nafasi ikabaki. Jirani wa kwanza alikuja akaitazama ile nafasi iliyobaki. Halafu akaomba kisu.

Febby alikuwa bado benchini, kidole hewani. Kompyuta yake ilikataa kufunga bila jibu la mwisho. Akaniuliza taratibu aandike nini. Nikamwambia chisense wa mchangani wanataka siku mbili za jua, na kupelekwa sokoni siku ya tatu. Kama anataka jibu la kweli akae, kahawa ipo na kitanda nitamtafutia. Alitabasamu kwa aibu. Akasema hawezi, saa nane anangojwa Mununga.

Rapore alishika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

— Mununga bana hema?

— Hapana, ba tata. Bale habakupata. Nabauliza kama bangepata, maisha yao ingekuwa namna gani.

Sijawahi kumwona mzee yule akiwa na furaha kiasi kile. Alipapasa mara tatu mahali pa Plagi benchini akitaka bega la shahidi, na Plagi hakuwapo, alikuwa mchangani anang'oa nguzo za jirani wa pili. Febby akabonyeza kitu, nadhani ni lile jibu la sijui, akanirudishia kikombe, akapanda pikipiki.

Angèle alimkimbilia, mikono imejaa magamba, akasimama mbele ya taa.

— Ukifika kule Mununga, mutoto yangu, ubaambie bachunge muchanga yao.

Febby akaitikia kwa kichwa. Nilimwona akitazama kompyuta yake, kisha akaiingiza kwenye begi bila kuifungua. Angèle akarudi kugeuza samaki.