Arkadi Timofeyevich, Mwanaanga Aliyekizidi Kiti Chake

Ijumaa tarehe 30 Juni, Arkadi Timofeyevich Zubarev atarudisha funguo za kabati lake hapa Mji wa Nyota, kituo chetu cha mazoezi ya wanaanga, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi na safari mbili za anga za juu. Nimeombwa niandike mimi kwa kuwa safari zote mbili nilikuwa mwanaanga wake wa akiba, yaani mtu anayefanya mazoezi yote kisha anabaki chini akipunga mkono.

Alikuja kwetu rubani mwembamba kutoka Kineshma, mwenye masikio makubwa na aibu nyingi. Safari ya kwanza iliimaliza ile aibu. Aliporudi, nchi nzima ilimtaka. Shule zilimwalika, viwanda vya matrekta vilimwalika, na kiwanda kimoja cha jibini kilibandika uso wake kwenye vifuniko. Kila alikofika alipokewa kwa mkate na chumvi, kisha supu, kisha maandazi ya nyama. Kukataa ni matusi, na Arkadi si mtu wa kutukana watu.

Viti vya chombo chetu, kama tujuavyo, hufinyangwa kwa plasta kufuata umbo la mwenyewe, na havina huruma. Alipoketishwa tena kabla ya safari ya pili, mabega yaliingia, makalio yakagoma.

"Hiki kiti ni chako au cha mdogo wako?" aliuliza Daktari Rimma Osipovna.

"Kimesinyaa, Daktari."

"Kiti hakisinyai. Una wiki sita. La sivyo ataruka Gleb."

Gleb ndiye mimi. Arkadi alikuwa ameisubiri safari ile kwa miaka mingi, na uso ukamsawijika. Akaacha sukari, akakimbia kuzunguka ziwa, akaanza kupungua. Ndipo mji wa kwao ukamwita azindue sanamu yake mwenyewe, na mama yake, Pelageya Savvishna, akaingia jikoni.

Chakula cha kamati za mapokezi mtu hukikwepa. Cha mama je? Arkadi, aliyekwenda nami, alinikalisha ubavuni, na kila mama alipogeuka, sahani ya mwanawe ilihamia kwangu.

"Arkasha mwanangu, leo umekula!" mama alifurahi. Kisha akanikazia macho. "Na wewe Gleb, kwani kwenu hamli?"

"Tunakula, Mama, ila si hivi," nilijibu, nikifungua kifungo cha pili.

Siku ya kipimo, Arkadi aliingia kitini kama mguu kwenye soksi. Mimi kwenye kiti changu walinichomoa watu wawili. Basi akaruka, akakaa juu nusu mwaka, akatengeneza pampu ya maji iliyowashinda wenzake, na katika matangazo ya moja kwa moja, nchi nzima ikisikiliza, akauliza: "Gleb amepungua?"

Nilipungua. Aliporudi, magoti yake yakiwa bado legelege, alinikimbiza kuzunguka ziwa kila asubuhi, akinipigia kelele, mpaka nami nikapata safari yangu. Enyi vijana mnaomjua kwa sura yake kwenye stempu tu, mjue na hilo.

Arkadi Timofeyevich, asante kwa kazi, na kwa zile kelele za ziwani. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na bustani isiyo na magugu. Pelageya Savvishna amepiga simu: Jumapili meza iko tayari. Safari hii, ndugu yetu, utakula mwenyewe.