Jina la Kuingia Nalo Mezani

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Suuq Mugdi, Garissa, mbele ya kibanda cha Adan anayetengeneza simu. Ni benchi moja refu lililoinuliwa upande mmoja kwa mawe, na jiko la Eddo Osob, shangazi wa kila mtu, anayeuza kahawa ya tangawizi. Wasomali wana neno lao kwa kazi tunayoifanya hapo: fadhi-ku-dirir, yaani kupigana vita ukiwa umekaa. Mimi wananiita Redio, na sababu sitaieleza, mtaiona wenyewe. Alhamisi moja jua lilikuwa limekataa kushuka, upepo hakuna, na kila mtu alikuwa akihamisha makalio kama aliyekalia siafu. Nilisimama na kuketi, nikasimama tena, mpaka Eddo Osob akatishia kuninyima kikombe. Watu wakiwa katika hali hiyo hawahitaji jambo kubwa la kugombania, na Adan akatuletea dogo.

Adan: Wazee, nahitaji jina. Kabla ya Magharibi.

Aliyeruka wa kwanza ni Dheere, dereva mstaafu wa malori ya Mandera. Dheere maana yake mrefu, na ukimwona utaelewa; vijana humwita adeer, yaani baba mdogo.

Dheere: Jina? Waryaa, wewe kijana, mtoto umepata wapi na bibi huna?

Adan: Si la mtoto, adeer. Ni la mchezo.

Ikabidi aeleze mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza tulikuwa tunaongea sisi. Ni mchezo wa mezani, ila meza yenyewe iko ndani ya simu. Mmoja anasimulia hadithi ya nchi ya majoka na wachawi, na kila mchezaji anakuwa mtu wa hadithi hiyo: shujaa, mganga, mwizi. Dadu ndilo linaloamua kama upanga wako umepata au umekosa. Hakuna picha wala sauti, watu wanaandika tu, na kinachoonekana juu ya maneno yako ni jina ulilojipa. Adan alikuwa amekubaliwa kwenye meza moja ya wageni watupu. Wangeanza baada ya Isha, na atakayekuwa hana jina ifikapo Magharibi hafunguliwi mlango.

Redio: Si ucheze karata na sisi hapa?

Adan: Isak hachezi karata hapa. Anacheza huko.

Isak alikuwa kijana wetu wa hapa hapa kijiweni, na yeye ndiye aliyemfundisha Adan mchezo huo walipokuwa sekondari. Mwaka juzi akaondoka bila kumuaga mtu, kwa ile njia ya jangwani ya wanaotafuta Ulaya, ambayo wazazi hawapendi hata kuitaja. Ujumbe wake wa mwisho kwa Adan ulisema yuko hai, na kwamba kila Alhamisi anacheza kwenye meza hiyo, ndiyo raha aliyobaki nayo. Kisha namba ikazimwa. Sijui nchi gani, sijui kazi gani, sijui anakula nini. Nilimpenda kijana yule.

Adan: Sasa nataka jina ambalo Isak akiliona tu, anajua ni mimi. Lakini pia liwe na uzito. Nimefikiria Mfalme wa Moto wa Milele.

Eddo Osob: Wewe? Juzi umeguswa na chuma cha kuchomelea simu, ukalia hadi wateja wangu wakamwaga kahawa!

Dheere: Horta, kwanza kabisa, umeanza na makosa. Mtu hajipatii jina. Jina ya utani unapewa, na unapewa kwa kasoro. Mimi sikujiita Dheere. Nilirefuka, watu wakaona. Wewe kasoro yako ni gani?

Redio: Masikio.

Eddo Osob: Na miguu. Anatembea kama anaogopa kukanyaga vifaranga.

Dheere: Basi, Masikio. Jina jema hung'ara gizani.

Adan: Adeer, huko kuna mse anaitwa Radi ya Kaskazini. Mimi niingie na Masikio?

Dheere: Radi inalia mara moja inaisha. Masikio yanasikia siku zote.

Sikupenda kukiri, lakini hapo mzee alipiga penyewe. Bahati mbaya Mheshimiwa alikuwa amemaliza kikombe chake. Huyu ni Golicha wa Wajir, aliyegombea kiti cha wadi akashindwa hata katika kituo alichopigia kura mwenyewe. Tangu siku hiyo hasemi, anahutubia.

Mheshimiwa: Hii jina haina baba! Masikio mtoto wa nani? Kwetu mtu akifika kisimani na ngamia, anasema jina yake, ya baba, ya babu, mpaka watu wajue wampe maji au wamfukuze. Hao watu wa majoka wakikuuliza, utajibu nini?

Adan: Huko hawaulizi, Mheshimiwa.

Mheshimiwa: Hawaulizi! Ndiyo sababu wanakatana mapanga kila Alhamisi. Wangejua nani binamu ya nani, nusu ya vita ingeisha kwa chai.

Basi wakaanza kumtafutia mtu asiyekuwepo baba na babu. Dheere akataka babu atoke upande wake. Mheshimiwa akasimama wima, akauliza kwa nini kila kitu kizuri kiende upande mmoja, hata shujaa wa simu. Mimi nikapendekeza awe yatima, nikaambiwa sina huruma.

Mheshimiwa: Babu atoke Ijara, baba Rhamu, mama Wajir. Hapo kila mtu amepata.

Redio: Babu wa Ijara alizaaje mtoto wa Rhamu, huko juu mpakani? Unajua huo umbali?

Mheshimiwa: Samaki mkunje angali mbichi.

Redio: Hiyo inaingiaje hapa?

Mheshimiwa: Inaingia.

Mtu huyo hajawahi kula samaki maishani mwake.

Dheere: Nyinyi mnacheza. Joka ikimuua huyu kijana, diya nani atalipa? Damu ya mtu ina fidia. Joka ina ukoo? Ina wazee wa kukaa nao?

Adan: Joka halilipi kitu, adeer. Ni la kuandikwa.

Dheere: Basi mimi nakataa asiingie vitani na mtu asiye na wazee.

Eddo Osob alikuwa akipepea jiko kwa hasira. Sasa akatupa upepeo chini.

Eddo Osob: Wallahi mnaropoka tu, la hatari hamlioni. Nchi ya wachawi, giza limeingia, mtu anaandika jina ambalo hakuna binadamu analo. Je, kama jini analo? Si ataitika? Jirani yangu alimwita mbuzi wake jina la kutunga. Yule mbuzi akaanza kuangalia watu.

Redio: Mbuzi wote wanaangalia watu.

Eddo Osob: Huyo alikuwa anaangalia na anaelewa.

Hapo kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Adan, masikini, alikuwa akiandika chochote kinachotajwa na kufuta kinachopingwa, huku jicho moja liko kwenye jua. Mwishowe akatusomea tulichozaa: Masikio bin Upanga bin Radi, wa Ijara na Rhamu, wajomba zake Wajir, si jini. Akabonyeza. Simu ikakataa, jina ni refu mno.

Adan: Mnaona? Mnaona sasa? Jua linazama na nyinyi mnanitania! Nikikosa leo, nafasi anapewa mwingine, na mimi sina njia ingine ya kumpata yule jamaa. Sina!

Sauti yake ilikatika. Tulitazama vikombe vyetu, watu wazima wanne, na niliona aibu.

Hapo ndipo alipofika Mama Fardosa na madumu yake ya maziwa. Yeye ni mama yake Isak. Hushuka kutoka Balambala kila Alhamisi kuuza sokoni, na kabla ya kurudi hupita kijiweni kutusalimia. Haulizi habari za mwanawe. Hutusalimia, hututazama usoni mmoja mmoja, kisha huondoka. Siku hiyo alimkuta Adan anafuta macho kwa kiganja.

Mama Fardosa: Kuna nini hapa?

Hakuna aliyeweza kumdanganya. Adan akamweleza yote kwa Kisomali, haraka haraka, ile meza, ujumbe ule, namna jina linavyotokea juu ya maneno. Mama alisikiliza akiwa ameshika dumu, hajaliweka chini.

Mama Fardosa: Na Isak wangu, huko anaitwa nani?

Mimi Redio, nisiyezimika, nikamgeukia Adan. Mheshimiwa akatafuta methali kwenye paa la kibanda na hakuipata. Mchana kutwa tulikuwa tumebishana jina la Adan, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba Isak naye alisimama mlangoni pale pale akaambiwa achague.

Adan akafungua orodha ya wachezaji, akaanza kumsomea polepole.

Adan: Radi ya Kaskazini.

Mama Fardosa: Ndiye?

Adan: Sijui, eddo. Kivuli cha Saba.

Mama Fardosa: Ndiye huyo?

Adan: Sijui. Bwana Ukungu. Mchinja Majoka. Malkia wa Barafu.

Mama Fardosa: Huyo wa mwisho hapana.

Dheere: Kama kijana angetaka ajulikane, si ange...

Eddo Osob: Dheere! Kunywa kahawa yako.

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mama si mtoto. Aliliweka dumu chini taratibu, akavuta shali yake. Adan akaivuta simu karibu. Kisha akafuta kila kitu, akaandika neno moja fupi, akatuonyesha. Lilikuwa jina lake tu, Adan.

Mheshimiwa: Hiyo peke yake? Katikati ya radi na ukungu?

Adan: Tukijificha sote wawili, tutakaa meza moja miaka na hatutajuana. Lazima mmoja wetu awe na jina lake.

Mama Fardosa akainama juu ya simu, ingawa hasomi.

Mama Fardosa: Kina Adan ni wengi duniani. Ongeza Garissa.

Akaongeza. Akabonyeza, na safari hii ilikubali. Adhana ya Magharibi ikaanza, na Dheere akainuka kutafuta maji ya kutawadha. Nilinyoosha kikombe, Eddo Osob akaliinamisha birika, zikatoka chicha tupu za tangawizi. Upande wa barabarani gari la Balambala lilipiga honi ya kuita abiria, likapiga tena, utingo akataja jina la mama kwa sauti. Mama Fardosa hakugeuka. Alikuwa ameshaketi kwenye benchi letu, mikono mapajani, akimuuliza Adan kutoka Magharibi hadi Isha ni muda gani.