Karatasi Safi ya Ndugu Achille

Katika taxi ya kutoka Queensburgh, ndugu Achille wa kanisa letu alikaa mbele yangu bila kuniona. Alimwonyesha mama aliyekaa kando yake karatasi ya polisi.

"Mama, soma. Inasema sijawahi kuhukumiwa."

"Félicitations, papa, hongera! Sasa mbona uko na huzuni?"

"Kanisani nilishuhudia kwamba nilifungwa miaka mitatu mbele ya kuokoka. Leo pasta ananipa darasa la watoto, na anataka hii karatasi."

"Kumbe hukufungwa?"

"Polisi walinishika masaa mawili tu, juu ya kuuza mikanda barabarani. Hata jina hawakuandika."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. "Basi ungama. Mungu anasamehe."

"Mungu, sawa. Ninaogopa comité ya kanisa. Eish, mama, kuna watu waliokoka juu ya ule ushuhuda!"

Mmoja wao ni mimi. Nilishusha kofia usoni.

Taxi ilisimama kwenye robot, taa za barabarani za Greyville, Achille akashuka na karatasi yake kwapani. Sikuweza kumcheka. Jumapili hii zamu ya kushuhudia ni yangu, na nilikuwa nimeshajipangia miaka mitano jela.