Barua ya Boti ya Mbwera

Biasha: Haloo? Nani mwenzangu?

Hajira: Mie Hajira, shangazi. Shikamoo.

Biasha: Marahaba. Kibiti hamjambo? Ngoja nisogee, mtandao huku—

Hajira: Hatujambo. Barua ya boti ya wagonjwa nimeiandika upya. Saa tisa naipeleka wilayani. Nisikilize, dakika zangu za simu chache.

Biasha: Ile ya mwanzo ilikuwa na kosa gani? Mzee Twalibu aliandika kwa adabu.

Hajira: Adabu ndiyo iliyotuponza. Ukurasa mzima mnashukuru kuletewa boti. Ombi kwamba isihamishiwe kwingine mmeliweka nyuma ya karatasi. Karani kasoma mbele tu, kasema Mbwera wameridhika, kafunga faili.

Biasha: Sasa mtu ataombaje kabla ya kushukuru? Au ndiyo diploma yenu hiyo, kuingia kwa watu bila hodi?

Hajira: [anacheka kidogo] Ndiyo hiyo. Msomaji unamkamata mstari wa kwanza, asipate nafasi ya kuiweka chini. Sikia: "Hadija binti Swalehe alishikwa na uchungu maji yakiwa yamekupwa—"

Biasha: Umemtia mkwe wangu?

Hajira: Ulinipa ruhusa, shangazi.

Biasha: Nilikupa... Haya. Endelea.

Hajira: "Mtumbwi ulikwama topeni. Akayangoja maji kwa saa sita. Yaliporudi, alikuwa ameshakata roho, na mtoto tumboni. Mwaka uliofuata mkatuletea boti. Tangu hapo hatujazika mzazi hata mmoja." Hapo ndipo naingiza hoja zangu, moja moja.

Biasha: [mikwaruzo ya simu]

Hajira: Shangazi? Nimekosea?

Biasha: Hujakosea. Alikuwa akiomba maji ya kunywa. Hilo usiliandike.

Hajira: Siandiki. Basi acha nikimbie, nisije kukuta—

Biasha: Hajira. Boti wameshaichukua.

Hajira: Lini?

Biasha: Leo asubuhi, maji yalipojaa. Ridhiwani kawasaidia kuisukuma.

Hajira: Ridhiwani? Mume wa Hadija?

Biasha: Walimwomba vizuri. Angekataaje?

Hajira: Na umeniacha nisome yote hayo?

Biasha: Toka tumzike, hakuna anayelitaja jina lake humu ndani. Nisomee tena pale mwanzo.

Hajira: Shangazi, dakika zina—

Biasha: Pale mwanzo tu.

Hajira: "Hadija binti Swalehe alishikwa na..." Haloo? Shangazi? Haloo?